Meno ya Nani?

Kisigino ni fundi viatu. Ndiyo, msichana, tena amemaliza chuo, cheti chake kimetundikwa sebuleni kwa mama yake juu kabisa asije mtu akakigusa, na bado kila asubuhi utamkuta kwenye kibanda chake karibu na stendi, nyundo mkononi, misumari midogo imebanwa midomoni, anakuitikia salamu kwa nyusi. Chuoni alikuwa anawatengenezea wenzake visigino vya viatu apate hela ya chakula, jina likamganda, na mikono nayo ikapenda ngozi kuliko ilivyopenda karatasi. Sasa ungemwambia nini?

Kazi anaiweza. Kilichokuwa kinamtesa ni soli. Alikuwa anashona kwa mkono, kwa shazia, ile sindano nene ya kutobolea ngozi. Jozi mbili kwa siku, basi, na vidole vimetobokatoboka kama chujio. Ndipo jirani yake wa kibanda cha pili, fundi mzee anayeongea peke yake akipaka gundi, alipotangaza kwamba anastaafu na anaiuza mashine yake ya kushonea soli. Nyie, ile mashine! Chuma kitupu, inanguruma kama jibwa limeona paka, na soli inaimaliza kabla hujamaliza kusema "njoo kesho".

"Nakuwekea mpaka Ijumaa jioni," fundi mzee alimwambia. "Jumamosi asubuhi kuna mtu anakuja na hela mkononi. Nakupenda, mwanangu, lakini nauli ya kwenda kwa binti yangu hailipwi kwa mapenzi."

Basi Jumatatu saa tatu Kisigino akawa benki, amevaa gauni la mahafali, viatu alivyojishonea mwenyewe vinang'aa mpaka mlinzi akaviulizia bei. Afisa mikopo alikuwa kijana aliyekabwa na tai mpaka sauti inamtokea puani. Akabonyeza kompyuta, akasoma, akatabasamu.

"Dada, wewe ni mtu wa maendeleo. Una pikipiki."

"Sina."

"Ng'ombe wawili wa maziwa."

"Mimi?"

"Makochi, ya kukaa watu saba. Na vyote umevilipia vizuri, hujachelewa hata siku moja. Hongera." Tabasamu likafifia. "Tatizo ni meno."

"Meno gani?"

"Ya bandia. Ulichukua kwa mkopo kliniki ya meno, ukalipa, ukalipa, awamu ya mwisho ukaingia mitini. Miezi minane sasa. Ripoti imekuandika mdaiwa sugu."

Kisigino alifanya kile ambacho mtu yeyote angefanya. Aliinama juu ya meza akafungua mdomo wote.

"Tazama, kaka. Hesabu."

Afisa mikopo alirudi nyuma na kiti chake. "Nayaona, dada. Mazuri tu. Lakini mimi sisomi mdomo, nasoma ripoti."

Kisigino alipotulia akili zikamrudia. Pikipiki ni ya baba mdogo! Ng'ombe ni wa mjomba! Makochi yako pale kwa mama, yeye mwenyewe huyakalia! Na hapo akajua kilichotokea, akajipiga paji la uso mpaka mlinzi akageuka.

Ngoja niwaeleze, maana ukoo ule una mambo yake. Mjomba anaishi kwenye bonde ambalo mtandao ukifika ni habari ya kutangaza. Baba mdogo anabadilisha laini za simu kama soksi. Mama yake Kisigino simu anayo, ila anaifungia kabatini isichakae. Na shangazi hapokei namba asiyoijua, hata iwe ya kumpa zawadi. Kisigino ndiye pekee anayepokea, tena kwa sauti ya ofisini, "Habari za asubuhi, nikusaidie nini?" Kwa hiyo wote, kila wakijaza fomu, pale kwenye namba ya simu wanaandika ya kwake. "Weka ya mtoto, yeye ndiye anayeelewa lugha zao." Ujumbe wa deni ukiingia, Kisigino anampigia mhusika na kumsumbua mpaka alipe. Miaka miwili amekuwa katibu wa ukoo, bila mshahara na bila hata kiti.

Na kule kwenye Ofisi ya Kumbukumbu za Mikopo, kompyuta ilishaamua: namba moja ya simu, mtu mmoja. Mtu mwenye pikipiki, ng'ombe, makochi na meno.

Lakini meno ya nani?

Aliipigia simu Ofisi ya Kumbukumbu pale pale nje ya benki. Sauti tamu ikamwambia simu yake ni muhimu sana. Bonyeza moja kama unataka mkopo, bonyeza mbili kama unataka kuongeza mkopo, bonyeza tatu kusikiliza tena. Ya kusema "meno si yangu" haikuwepo. Akabonyeza tatu. Ukaja muziki, na ule muziki ukala salio lote mpaka simu ikakata.

Jumanne akaandika barua pepe, ndefu, ya kisomi, yenye "rejea kichwa cha habari hapo juu". Jibu likarudi kabla hajanyanyua kidole: tumepokea malalamiko yako, tutakujibu ndani ya siku thelathini za kazi. Siku thelathini! Na yeye alikuwa nazo tatu.

Akaamua kwenda kliniki yenyewe.

"Hatutoi habari za mgonjwa," alisema dada wa mapokezi. "Tunazungumza na mwenye deni tu."

"Sawa. Mimi ndiye mwenye deni. Ripoti yenu inasema hivyo."

"Basi lipa."

"Nilipie meno yasiyo yangu?"

"Kwa hiyo si yako."

"Ndiyo, si yangu!"

"Basi hatuwezi kuzungumza na wewe." Dada wa mapokezi akamwangalia kwa huruma kidogo. "Ila ukitaka daktari akutazame mdomo, nafasi ipo saa tisa."

Jumatano akafunga kibanda akaenda Ofisi ya Kumbukumbu kwa miguu yake. Foleni ilikuwa imejikunja kama nyoka aliyeshiba. Dirisha namba mbili wakampeleka namba sita, namba sita wakamrudisha namba nne, na namba nne alikaa mama wa makamo, miwani imefungwa kamba shingoni, anapiga mhuri kama anaua mende.

"Jaza hapa. Aina ya kosa. Halafu hapa, jina la mwenye mkopo halisi."

"Wa pikipiki, wa ng'ombe na wa makochi nawajua. Wa meno simjui."

"Basi ni yako."

"Mama yangu, si yangu. Angalia..." Na mdomo ukaanza kufunguka.

"Funga, binti, nimetoka kula sasa hivi." Mama wa dirishani alivua miwani. Si mtu mbaya, amechoka tu. "Nisikilize vizuri. Mwenye mkopo akija mwenyewe na kitambulisho chake, akasimama hapo ulipo akasema 'huu ni wangu', nauhamisha saa hiyo hiyo. Asipokuja, siku thelathini. Nenda kamtafute mwenye meno yake."

Saa kumi jioni ile ukoo mzima ulikuwa sebuleni kwa mama, kwenye makochi yenyewe. Kisigino aliwaita kwa jambo la dharura, na mjomba akaja mbio na dumu la maziwa akidhani kuna posa.

"Hakuna posa, mjomba. Kuna meno." Akawaeleza yote. Benki, Ijumaa, mashine, mdaiwa sugu. "Sasa naomba mwenye meno ajitaje. Simlaumu mtu. Kesho tunaenda wote, kila mtu na kitambulisho chake, na kila mtu abebe mzigo wake."

Wakaanza kutazamana, si machoni, mdomoni.

"Shemeji," baba mdogo alimwambia mama, "wewe siku hizi hutafuni mahindi."

"Sitafuni kwa sababu unayamaliza wewe! Hebu cheka tukuone."

"Mimi? Mimi haya nimezaliwa nayo!"

"Hakuna anayezaliwa na meno," alisema mjomba, akatoa ya kwake yote nje, ya njano, yamepishana, kila moja limeangalia njia yake. "Haya je? Kuna mtu angekopa ili apate haya?"

Wakacheka mpaka dumu likapinduka. Shangazi tu ndiye aliyekaa wima na kikombe chake, ananywa chai kwa adabu. Shangazi huyu anakaa mapokezi ya hoteli kubwa, na tabasamu lake ni kama taa ya pale mlangoni. Wageni wanarudi kwa ajili yake. Picha yake imetundikwa hata kwenye lifti.

"Mambo ya kitoto," alisema. "Mtu mzima kufunguliwa mdomo kama mbuzi wa mnadani."

Kisigino alipoingia jikoni kutafuta kitambaa cha kufutia maziwa, akasikia mlango umefungwa nyuma yake.

"Ni mimi," shangazi alinong'ona.

"Wewe, shangazi?"

"Shhh! Yale manne ya juu. Niliteleza bafuni mwaka juzi, sabuni, unajua mambo ya sabuni. Nikawaambia nimeenda semina wiki mbili." Akashika mikono ya Kisigino, ile iliyotoboka. "Na awamu ya mwisho sikukataa kulipa, mwanangu, naapa. Nilikuwa nasubiri unipigie. Kila mtu unampigia! Mjomba wako unampigia mpaka anakukimbia. Mimi hukunipigia hata siku moja, nikasema basi, labda wamenisamehe."

Kisigino akafungua mdomo kusema hakuna ujumbe wowote uliokuja. Halafu akaufunga. Akatoa simu, akaenda kwenye namba alizozifungia zisimfikie. Na pale, mtiririko wote: *Mpendwa mteja, meno yako yana awamu moja iliyobaki. Mpendwa mteja, usipoteze tabasamu lako. Mpendwa mteja, tunakukumbusha kwa mara ya mwisho.* Jumbe kumi na moja! Ule wa kwanza aliusoma siku zile, akasema hawa ni matapeli, meno gani, akawafungia. Kikulacho ki nguoni mwako. Siku tatu anatukana kompyuta za watu, kumbe kufuli aliliweka yeye.

"Shangazi," alisema kwa sauti ndogo, "nisamehe."

"Tusameheane. Lakini usimwambie mama yako. Wifi yangu akijua, nitahama mji."

"Simwambii. Ila kesho lazima usimame pale dirishani useme mwenyewe."

Shangazi aligeuka akaangalia sinki. Kisigino hakumsukuma. Aliona vile mkono ulivyopanda wenyewe mdomoni, akajua huyu mtu anaombwa kitu kikubwa kuliko awamu moja ya meno.

"Nitanong'ona," shangazi akasema mwishowe.

Alhamisi asubuhi shangazi alipitia kwa wakala akalipa, risiti akaikunja ndogo kama kidonge, wakaenda. Wote watano kwenye foleni, vitambulisho mkononi, baba mdogo na kofia ya pikipiki kichwani kama anaenda vitani. Wakafika dirisha namba nne. Baba mdogo: "Pikipiki ni yangu." Mhuri, pa! Mama: "Makochi ni yangu, tena yalitakiwa yawe ya kijani." Pa! Mjomba aliomba kwanza asomewe majina ya ng'ombe, akaambiwa mfumo hauna majina ya ng'ombe, akasikitika. Pa!

Shangazi akasogea. Akainama mpaka midomo ikakaribia kitundu cha kioo, akanong'ona.

"Ukinong'ona hivyo sikusikii," mama wa dirishani alisema. "Kioo hiki kizito. Paza sauti."

Akanong'ona tena.

"MENO?" Sauti ile ilifika mpaka mlangoni kwa mlinzi. "YA JUU AU YA CHINI?"

Foleni nzima ikageuka. Baba mdogo akavua kofia. Mama akashika mkono wa Kisigino, macho yamemtoka. Kisigino akatamani sakafu ipasuke, si kwa ajili yake, kwa ajili ya shangazi. Akafikiri ataondoka. Kweli mguu mmoja ulishageuka.

Lakini shangazi aliunyoosha mgongo, akashusha mtandio, akatoa lile tabasamu la lifti, lote.

"Ya juu!" alisema kwa sauti ya mapokezi. "Manne! Na nimemaliza kuyalipa leo asubuhi, risiti hii hapa. Kuna mwenye swali?"

Mama wa dirishani akayatazama, akatikisa kichwa taratibu. "Kliniki gani?" aliuliza, safari hii yeye ndiye aliyenong'ona, huku kiganja kimefunika shavu lake la kulia. Pa!

Wakiwa nje mama alimwendea wifi yake, wote wakasogea wasikie.

"Yaani miaka miwili," alisema, "mimi nakuonea wivu wa meno ya dukani?"

"Wifi, na wewe ukayanunue!"

Wakashikana wakacheka mpaka wakakaa kwenye ngazi za ofisi ya watu.

Mngedhani yameisha. Hata Kisigino alidhani. Ijumaa saa saba akawa benki na gauni lake lile lile, na ukoo mzima umemsindikiza kwa sababu, baba mdogo alisema, hawezi kukosa mwisho. Afisa mikopo akafungua ripoti mpya.

"Dada, kuna tatizo."

"Lipi tena?"

"Ripoti ni safi."

"Na hilo ni tatizo?"

"Safi mno. Haina kitu. Hujawahi kukopa hata kijiko. Jumatatu ulikuwa mdaiwa sugu lakini angalau tulikufahamu. Leo hatukujui kabisa."

Kisigino alihisi machozi yanapanda na kicheko kinapanda, havijui nani apite kwanza. "Kwa hiyo nimetoka kwenye ujambazi nimekuwa mtoto mchanga."

"Kama hivyo. Unahitaji wadhamini wawili wenye ripoti nzuri, waje kusaini kabla hatujafunga saa tisa. Sijui kama utawapata."

Hajafunga mdomo, shangazi ameshafika mezani na kalamu yake.

"Samahani, mama," alisema afisa akiangalia kompyuta, "wewe deni lako limefungwa jana. Mpaka miezi sita ipite."

"Kijana, mimi nilitaja meno yangu mbele ya watu arobaini!"

"Miezi sita, mama."

Basi wakakaa mama na mjomba. Mama akasaini haraka haraka, macho amefumba, kama anayedungwa sindano. Mjomba akavaa miwani. Mjomba hasaini kitu ambacho hajakisoma, hajawahi, hata kadi ya harusi yake aliisoma mara mbili. Akaanza ukurasa wa kwanza, kwa sauti, kidole kinafuata mstari. Saa nane ikapita. Saa nane na nusu. Mlinzi akaanza kushusha mapazia.

"Hapa," mjomba alisema. "Mnasema akishindwa kulipa, mtamgeukia mdhamini. Yaani ng'ombe wangu?"

Afisa mikopo akalegeza tai. "Inawezekana, mzee."

Hakuna aliyecheka. Wale ng'ombe ndio ada ya watoto wa mjomba, ndio paa la nyumba yake, kila mtu pale alijua. Kisigino akasema polepole, "Mjomba, ukikataa nitaelewa. Nitaendelea na shazia." Na alimaanisha.

Mjomba alimwangalia juu ya miwani.

"Huyu mtoto," alimwambia afisa, "kanipigia simu kila tarehe ishirini na tano, miaka miwili. Nikipanda kilimani kutafuta mtandao, ananipata yeye kwanza. Siku moja kanipigia niko mazikoni, nimeshika koleo. 'Mjomba, shikamoo, pole na msiba, umelipa?'" Akatikisa kichwa. "Mtu anayefukuzia hivyo deni lisilo lake, la kwake atalipa. Leta kalamu nyingine. Hii yako nzito."

Saa tisa kasoro hela ikawa mkononi, wakatoka mbio. Mnajua kukimbia na viatu vya sherehe? Kisigino alikimbia, baba mdogo akatangulia na pikipiki akipiga honi kama msafara wa waziri, na walipofika vibandani jua bado lilikuwa juu ya paa la stendi. Yule mtu wa Jumamosi alishakuja, kawahi siku moja, amesimama kando ya mashine na bahasha yake.

"Niliwaambia Ijumaa jioni," fundi mzee alimwambia yule mtu, wala hakunyanyua macho. "Jioni ndiyo hii, na mwenyewe ndiye huyu anayehema."

Wakaisogeza watu sita, hatua kumi tu kutoka kibanda hadi kibanda, na zile hatua kumi zilichukua nusu saa, kila mtu anaamuru na hakuna anayenyanyua. Ilipokaa, Kisigino akakaa. Akaweka mguu kwenye kanyagio. Mashine ikanguruma, na akashtuka kwa furaha mpaka akapiga kelele.

"Haya, nani wa kwanza?" akauliza.

Fundi mzee alivua kiatu chake cha kushoto. Kilikuwa kimeachama mbele kama mamba, kidole kinachungulia. Miaka yote ile anashona vya watu.

"Bei gani?" aliuliza.

"Kwako wewe, nusu."

"Nitakulipa mwisho wa mwezi."

"Mzee wangu," Kisigino alisema, ameshaingiza uzi, anafuta jasho kwa mkono wa gauni la mahafali, "leo nadai taslimu tu. Kaa hapo, dakika tano."